Majimbo ya Marekani Yalivyomaliza Ugomvi wa Mipaka

Kila mzozo wa Mackinnon Road unapochipuka upya baina ya Kwale na Taita Taveta, huwa nasikia watu wakisema kuwa mambo haya ni ya kwetu tu, na kwamba mipaka ya wenzetu ilinyooka tangu mwanzo. Sivyo. Majimbo ya Marekani nayo yaligombana, mengine kwa bunduki. La kujifunza ni namna yalivyomaliza.

Kesi ya kwanza ni ya Maryland na Pennsylvania. Ukoo wa Calvert ulipewa hati ya Maryland na mfalme wa Uingereza mwaka 1632, naye William Penn akapewa yake mwaka 1681. Waliotoa hati hizo walikuwa ng'ambo ya bahari, na maelezo ya mipaka yakapandana. Katika miaka ya 1730 walowezi wa pande mbili walishambuliana kwa silaha. Mwishowe koo hizo zikakubaliana kuajiri wataalamu wawili, Charles Mason na Jeremiah Dixon. Kati ya mwaka 1763 na 1767 walipima mpaka kwa kutazama nyota, wakasimamisha mawe yaliyoletwa kutoka Uingereza. Kila maili liliwekwa jiwe lenye herufi M upande mmoja na P upande wa pili. Baadhi ya mawe hayo yapo hadi leo.

Ugomvi wa Ohio na Michigan ulitokana na ramani mbovu. Sheria ya mwaka 1787 ilitaja mstari unaokwenda mashariki kutoka ncha ya kusini ya Ziwa Michigan, lakini ramani za wakati huo zililiweka ziwa hilo kaskazini kuliko lilivyo. Mstari ulipopimwa sawasawa, mji wa Toledo na mlango wa mto Maumee vikaangukia Michigan. Ohio ikakataa. Mwaka 1835 kila upande ulipeleka wanamgambo. Bahati nzuri hakuna aliyeuawa. Naibu wa sherifu mmoja alichomwa kisu, akapona.

Bunge la Marekani, Congress, likaamua kwa kutoa na kupokea: Ohio ichukue Toledo, na Michigan ipewe eneo kubwa la rasi ya kaskazini na ikubaliwe kuwa jimbo. Wajumbe wa Michigan walikataa Septemba 1836, wakakubali Desemba, na Januari 1837 likawa jimbo kamili. Wengi walinung'unika kuwa wamepewa pori la baridi. Baadaye pori hilo likatoa shaba na chuma kwa wingi.

Katiba ya Marekani inaacha njia mbili. Majimbo yanaweza kuelewana yenyewe, kisha Congress iidhinishe, au jimbo moja linaweza kulishtaki jingine moja kwa moja katika Mahakama ya Juu. Mwaka 1838, katika kesi ya Rhode Island dhidi ya Massachusetts, mahakama hiyo ilisema ina uwezo wa kusikiliza kesi za mipaka. Mwaka 1846 Massachusetts ikashinda, sababu kubwa ikiwa mpaka ule ulikuwa umekubaliwa na kufuatwa kwa miaka mingi. Anayenyamaza muda mrefu huhesabiwa ameridhika.

Hata mkataba mzuri huhitaji kusomwa upya. New York na New Jersey zilielewana mwaka 1834 kuwa kisiwa cha Ellis ni cha New York, ilhali maji yanayokizunguka ni ya New Jersey. Kisiwa kilikuwa na ekari kama 3, kikajazwa udongo hadi kikafika zaidi ya ekari 27. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu iliamua kuwa sehemu kubwa ya ardhi iliyojazwa ni ya New Jersey.

Sisi pia tuna njia. Kifungu cha 188 cha Katiba yetu kinataka tume huru ipendekeze, kisha thuluthi mbili ya Bunge la Taifa na thuluthi mbili ya ujumbe wa kaunti katika Seneti waafiki. Njia hiyo ni ndefu, ndiyo. Lakini mfanyabiashara anayedaiwa ushuru na kaunti mbili anahitaji mpima ardhi, hati na uamuzi unaoheshimiwa, si kelele za jukwaani kila uchaguzi unapokaribia.