Kuchwelewa

Kati ya asubuhi na jioni kuna herufi moja tu. Kumekucha: kumepambazuka. Kumekuchwa: jua limezama. Itoe hiyo w na siku inaanza; irudishe na siku imekwisha. Wanafunzi wetu hukutana nayo kwenye insha, katika neno machweo, halafu wengi hawakutani nayo tena. Ukiniambia machweo kwa simu hapa Nairobi nitadhani unanisomea taarifa ya habari. Sisi husema "giza imeingia" na maisha yanaendelea.

Lakini neno lenyewe halijaenda mbali. Mzizi wake ni kitenzi -chwa, ambacho pia hutamkwa -twa. Ni neno moja lenye matamshi mawili, na karibu nalo yupo jirani, kutua. Mchukuzi hutua mzigo, ndege hutua tini, na jua nalo hutua. Ukiyasikiliza maneno haya pamoja, jua unaliona kama msafiri aliyefika mahali pa kupumzika.

Sasa hebu tazama tunavyolitumia bila kujua. Mtu aliyefanya kazi mchana kutwa ameifanya mpaka jua likatua, na aliyelia usiku kucha amelia mpaka kukapambazuka. Shule ya kutwa ni ile ambayo mtoto hurudi kwao siku inapokwisha, tofauti na ya bweni. Hata kalenda yetu imejengwa hivyo. Kesho ni ndugu wa kukesha, yaani kukaa macho mpaka kuche. Keshokutwa ni siku inayokuja baada ya jua la kesho kuchwa. Kila anayekuahidi kukulipa keshokutwa amekutajia machweo, alipe asilipe.

Pwani ilipata pia neno la pili. Uislamu ulifika kwetu mapema. Pale Shanga, katika kisiwa cha Pate, wanaakiolojia wamefukua msikiti wa karne ya 8. Pamoja na swala yalikuja majina ya nyakati zake, na magharibi ni mojawapo. Asili yake ni mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuzama na kwenda mbali, mzizi uleule uliotupa gharibu, yaani mgeni. Kwa hiyo magharibi ni wakati, ni swala, na ni upande ambako jua huenda ugenini. Baadaye neno likabeba mengine: Ulaya na Marekani zikawa nchi za Magharibi, na kwetu Kakamega ikawa magharibi mwa Kenya. Lakini -chwa halikufukuzwa. Mgeni alipewa swala na dira, mwenyeji akabaki na kazi ya kupima urefu wa siku.

Saa zetu nazo zinatii jua. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza tangu kuche, na saa moja ya jioni ni ya kwanza tangu kuchwe. Huku kwetu karibu na ikweta hesabu hiyo haina ubishi: Nairobi, tofauti kati ya machweo ya mapema zaidi na ya kuchelewa zaidi mwaka mzima ni kama nusu saa tu. Na jua likishatua, mwanga haungoji. Dakika 20 hivi, giza.

Ndiyo maana wazee walihitaji vitenzi viwili pale ambapo sisi tuna kimoja. Kuchelewa kunatokana na kucha. Aliyechelewa, kwa maana ya asili, ni yule aliyekuchiwa: alikuwa aondoke alfajiri, kukapambazuka angali kitandani. Upande wa pili kulikuwa na kuchwelewa, ambako ni kuingiliwa na machweo kabla hujafika uendako. Kamusi za zamani zililihifadhi neno hilo. Katika matatu mimi sijawahi kulisikia. Tumebaki na lawama ya asubuhi tu, ile ya mvivu, na aliyekamatwa na giza njiani tunamwita jina hilohilo: amechelewa.

Mimi naona hapo tumepoteza kitu. Kuchelewa kuna kosa ndani yake. Kuchwelewa hakuna lazima ya kosa. Mzigo ulikuwa mzito, njia ilikuwa ndefu, jua likamtangulia mtu. Mwanamke anayetoka kazini Industrial Area na kurudi kwa miguu kwa sababu nauli imepanda hajachelewa. Amechwelewa.

Tarehe 27 Machi 2020 Kenya nzima ilihitaji neno hilo. Kwa sababu ya korona, serikali iliamuru watu wasitoke nje kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Yaani saa ya kwanza tangu kuchwe iligeuka mpaka wa sheria. Jioni hiyo ya kwanza, pale Likoni, umati wa watu waliokuwa wakikimbilia nyumbani ulikuwa ukingoja feri. Polisi waliwarushia vitoa machozi na kuwapiga virungu, na saa moja yenyewe ilikuwa haijafika. Wengi walisema wale watu walichelewa. Lakini mtu anayengoja feri haendeshi feri. Jua lilikuwa halijachwa, na tayari walikuwa wanaadhibiwa kwa kuchwelewa.

Sidai kwamba neno moja lingezuia rungu. Nasema tu kwamba lugha iliyowahi kumtofautisha aliyelala na aliyeingiliwa na giza ilikuwa na haki fulani ndani yake, na haki hiyo bado ni yetu tukiitaka. Leo jioni ukikwama kituoni, mvua inanyesha na makanga wamepandisha nauli maradufu, mwandikie aliye nyumbani: nimechwelewa. Akiuliza maana yake, mtakuwa na la kuongea mpaka ufike.