Kampuni ikiuzwa, malipo ya uzee yanabaki na nani? Historia ya watumikaji wa shaba Katanga

Kila mara habari inapopita hapa Katanga kwamba mgodi fulani umepata mwenye mpya, watu wa soko huuliza bei na wanasiasa huuliza asilimia. Mtumikaji mwenye miaka ishirini ndani ya kazi huuliza jambo lingine: na pensheni yangu je? Swali hilo mara nyingi halipati jibu siku hiyo. Wakubwa wanasema «hakuna kitakachobadilika», watu wanarudi nyumbani, na jibu la kweli linakuja miaka kumi nyuma yake, wakati mtu anakwenda kwenye dirisha la malipo na kuambiwa jina lake halimo.

Wandugu wasomaji, jambo hili lina historia ndefu katika inchi yetu, na anayetaka kulielewa sherti aanze mbali kidogo.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka wa 1906. Kwa miaka mingi mtumikaji mweusi hakuwa na pensheni ya kweli. Alikuwa na nyumba ya kambi, posho ya unga, hospitali, na shule ya watoto. Ndiyo maana wazee walisema kwamba kampuni njo baba, njo mama. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Lubumbashi, aliandika kitabu kizima juu ya watoto wa baba huyo, na kichwa chake kinawaita Bana Shaba walioachwa na baba yao. Kilitoka mwaka wa 2001. Wasomaji wanaotoka kambini hawahitaji kuelezwa kichwa hicho.

Lakini posho si pensheni. Posho inakwisha siku unapotoka kazini. Pensheni ni feza iliyowekwa pembeni kwa jina lako, mahali ambapo mkubwa wa kampuni hawezi kuingiza mkono. Kwa watumikaji Wakongomani, sheria ya kuwapa pensheni ilikuja tarehe 6 Juni 1956, miaka minne tu kabla ya uhuru. Mzungu aliyeajiriwa hapa alikuwa na sanduku lake tangu miaka ya vita vya pili vya dunia.

Angalieni sasa tarehe moja ambayo watu wachache wanaikumbuka. Tarehe 16 Juni 1960, siku kumi na nne kabla ya uhuru, Ubelgiji ulipitisha sheria ya kuyaweka masanduku ya waajiriwa wa koloni chini ya dhamana ya serikali ya Ubelgiji. Maana yake, Mbelgiji aliyetumika Jadotville au Élisabethville alihakikishiwa uzee wake hata kama Kongo ingeanguka. Kila franka ilikuwa na mdhamini. Sanduku la mtumikaji mweusi, aliyechimba shimo lile lile, lilibaki hapa kwa inchi mpya bila mdhamini wa namna hiyo. Mimi naona hapo ndipo mambo mengi yalipoamuliwa. Siku inchi ilipobadilisha mwenyewe, kundi moja lilikuwa limekwisha kuandika karatasi, na kundi lingine lilikuwa linapiga ngoma za uhuru.

Mwaka mmoja nyuma yake, tarehe 29 Juni 1961, Léopoldville iliunda INSS, taasisi ya taifa ya usalama wa jamii, na kuunganisha ndani yake masanduku ya pensheni, ya posho za watoto na ya ajali za kazi. Siku hiyo Katanga ilikuwa imejitenga, na bendera nyingine ilikuwa inapepea hapa. Kwa hiyo taasisi iliyopaswa kulinda watumikaji wa shaba ilizaliwa wakati watumikaji wenyewe walikuwa nje ya mkono wake. Utengano ulikwisha Januari 1963.

Ndipo kampuni yenyewe ikabadilisha mwenyewe. Mwanzoni mwa mwaka wa 1967 serikali ya Mobutu ilichukua mali ya Union Minière na kuunda Gécomin, ambayo baadaye ikaitwa Gécamines. Hiyo haikuwa mauzo ya kawaida, kwa sababu muuzaji hakutaka kuuza. Lakini muuzaji hakuondoka mikono mitupu. Kufika mwaka wa 1969 kulikuwa na mapatano: kampuni ya Kibelgiji iliyosimamia usafishaji na uuzaji wa madini ingepokea asilimia 6 ya thamani ya mazao kwa miaka 15, na ndani yake mlikuwa fidia ya mali iliyochukuliwa. Mwenye mali wa zamani alipata karatasi inayosema kiasi gani, kwa muda gani, kutoka feza gani. Mtumikaji aliendelea na kazi: shimo lile lile, kiwanda kile kile, kambi ile ile. Deni la uzee wake likabaki kwa mambo mawili tu: uzima wa kampuni na uzima wa feza ya inchi.

Yote mawili yaliugua.

Tuanze na feza, kwa sababu watu wengi hulaumu kampuni peke yake. Zaire ilipotoka mwaka wa 1967, zaire moja ilikuwa dola mbili. Mwaka wa 1993 ilikuja zaire mpya, na moja ilibadilishwa kwa zaire za zamani 3.000.000. Mwaka wa 1998 ikaja franka ya Kongo, na moja ilibadilishwa kwa zaire mpya 100.000. Pigeni hesabu: franka moja ya leo ni zaire za zamani miliardi 300. Tuchukue mfano wa mtu ambaye mwaka wa 1970 haki yake iliandikwa kuwa zaire 50 kwa mwezi. Siku ile hizo zilikuwa dola 100, mshahara wa kuheshimika. Ukizihamisha kwenye franka kwa kufuata mabadilisho hayo tu, bila kuongeza kitu, hakuna mashine inayoweza kuandika kiasi kidogo hivyo. Michango ililipwa kweli, na kitabu cha hesabu hakikuibiwa hata ukurasa mmoja, lakini feza yenyewe ilikufa ndani ya sanduku. Kwa hiyo mzee anayesema «nilikatwa mshahara miaka thelathini na sioni kitu» hasemi uongo, na karani anayemwambia «ndiyo haki yako kwa hesabu» naye pengine hasemi uongo.

Sasa kampuni. Mwaka wa 1986 Gécamines ilitoa tani za shaba karibu 476.000. Miaka minane nyuma yake haikufikia tani 50.000. Katikati mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka wa 1990, na mwaka wa 1993 mafundi wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, doa ambalo bado tunalibeba. Kampuni isiyoweza kulipa mshahara haipeleki michango ya pensheni. Kufika mwaka wa 2003 watumikaji walikuwa wanadai mishahara ya zaidi ya miaka miwili.

Mwaka huo ndipo ilipokuja ile inayoitwa «départ volontaire», kuondoka kwa hiari. Watumikaji 10.655, karibu nusu ya wote, watu wenye zaidi ya miaka 25 ya kazi, walitia sahihi na kuondoka. Feza zilitoka Banki ya Dunia, zaidi ya dola milioni 40. Ukizigawa sawa kwa sawa, ni kama dola 4.000 kwa mtu, ijapo kwa kweli kila mtu alipata kwa cheo na kwa miaka yake. Hiari, walisema. Mtu ambaye hajalipwa miaka miwili, watoto wamefukuzwa shuleni, unamwekea dola mezani na karatasi ya kutia sahihi: sijui neno hiari linaingia wapi hapo. Wengi walisema hesabu ilifanywa vibaya na kwamba walichopewa hakikufikia haki yao kwa sheria ya kazi. Mwaka wa 2009 malalamiko yao yalifika mpaka kwenye jopo la ukaguzi la Banki ya Dunia yenyewe.

Hapa kuna jambo moja ambalo lilichanganywa, na mpaka leo linachanganywa kambini. Feza za kuondoka ni malipo ya kukatisha mkataba, yanatoka kwa mwajiri. Pensheni ni haki nyingine, inatoka kwa taasisi ya usalama wa jamii, na sahihi ya kuondoka haiifuti. Mtu aliyeondoka mwaka wa 2003 akiwa na miaka 50 alikuwa bado na haki ya kudai pensheni siku atakapofika umri wake, kwa michango iliyoandikwa. Wengi walikaa nyumbani wakidhani wamekwisha kulipwa yote. Wengine walifuatilia, wakakuta miaka ya mwisho ya kazi yao haina michango, kwa maana kampuni haikupeleka.

Wakati watu wanaondoka, migodi nayo ilikuwa inaondoka, kwa mlango mwingine. Gécamines haikuuzwa nzima. Iliuzwa kwa vipande, kwa njia ya ushirika: Tenke-Fungurume tangu mwaka wa 1996, Kamoto kufika 2005, Kipushi, na mengine. Kila kipande chenye madini mazuri kiliingia katika kampuni mpya yenye jina jipya. Baadhi ya watumikaji walichukuliwa pamoja na mgodi wao. Lakini madeni ya zamani, pamoja na deni la wazee, hayakupanda gari hilo. Yalibaki kwa Gécamines, ambayo ilizidi kupoteza vile vitu vilivyoweza kulipa. Serikali ilipoigeuza kuwa kampuni ya biashara, kwa sheria ya Julai 2008, wazee walikuwa wamekwisha kuzoea kusubiri.

Sheria yetu ya kazi ya mwaka wa 2002 iko wazi juu ya mambo haya. Mwajiri akibadilika, kwa kuuza, kwa kurithi, kwa kuunganisha makampuni, mikataba ya watumikaji inaendelea na mwenye mpya. Miaka ya kazi haianzi upya kwenye sifuri. Ni sheria nzuri. Udhaifu wake ni kwamba inafuata mtu aliye kazini siku ya mauzo. Aliyeondoka jana, mstaafu na mjane hawana mkataba wa kuendeleza. Nao ndio waliokuwa wengi Likasi, Kolwezi na Lubumbashi.

Siku hizi mauzo yana sura nyingine. Mwaka wa 2016 Freeport ya Marekani iliuza sehemu yake ya Tenke-Fungurume kwa China Molybdenum kwa dola miliardi 2,65. Kilichouzwa ni hisa za kampuni mama, katika makaratasi ya ng'ambo. Gécamines yenyewe, iliyo na asilimia 20 ya mgodi huo, ililalamika kwamba haikuulizwa. Katika mauzo ya namna hiyo jina la mwajiri kwenye mkataba halibadiliki hata herufi moja: leo kama jana, ni kampuni ile ile ya Kongo. Kwa mtumikaji hilo ni afueni, kwa sababu deni la michango linabaki kwa mwajiri aliyeandikwa. Lakini kuna upande wa pili. Kwa kuwa hakuna kilichobadilika kwa sheria, hakuna anayeitwa mezani kupiga hesabu ya zamani, na kama michango ya miezi fulani haikupelekwa, mauzo yanapita juu yake kimya.

INSS nayo imebadilika. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ilifungua njia ya taasisi mpya, CNSS. Kwa pensheni, mtumikaji anakatwa asilimia 5 ya mshahara na mwajiri anaongeza 5 yake. Umri ni miaka 60, kwa mwanaume na mwanamke. Ukitazama karatasi yako ya mshahara utaona ile 5 yako imekatwa. Ile karatasi inaonyesha kwamba umekatwa. Haionyeshi kwamba feza imefika CNSS.

Tofauti hiyo ndiyo sababu ya kuandika habari hii sasa, wakati bei ya shaba na kobalti inawafanya wakubwa wauziane tena. Mtumikaji ana haki ya kujua namba yake ya CNSS na kuuliza ni miezi mingapi imeandikwa kwa jina lake. Aulize akiwa bado kazini, kabla ya mauzo, wakati mkubwa wa waajiriwa bado yuko ofisini na sendika bado ina sauti. Baada ya mauzo, makaratasi ya zamani hutiwa kwenye masanduku, na masanduku hayo huwa hayana mwenyewe.

Aweke pia nyumbani, mahali pakavu, mkataba wa kwanza, karatasi za mshahara na cheti cha mwisho wa kazi. Na amwonyeshe mke wake mahali zilipo. Mjane na yatima wana haki ya sehemu ya pensheni ya marehemu, lakini dirishani ataombwa hizo hizo karatasi, na hati ya ndoa ya serikali juu yake. Ndoa nyingi za kambini ziliandikwa katika vitabu vya kampuni tu.