Dari na Chumba cha Chini: Makao ya Siri katika Hadithi za Mafia

Nyumba ya kale ya Kanga, kaskazini ya kisiwa cha Mafia, ilijengwa kwa vitu vinavyooza: nguzo za miti, fito zilizofungwa kwa kamba, udongo uliokandikwa viambazani, na juu yake makuti. Chini ya paa, mahali palipofikiwa na moshi wa jiko, zilitandazwa fito zikawa dari. Huko ziliwekwa nazi kavu, mbegu zilizokingwa na wadudu kwa moshi, na vyombo vilivyosubiri msimu wake. Mwenye nyumba alijua kilichomo. Mtoto aliyetumwa kushusha nazi alijua pia. Na panya alijua kuliko wote.

Neno hilohilo la dari, likichukuliwa kwa maana ya chumba cha chini ya paa katika hadithi za Ulaya, lina mzigo mwingine kabisa. Katika riwaya ya Jane Eyre, iliyotolewa na Charlotte Brontë mwaka 1847, mke wa mwenye jumba amefungiwa orofa ya juu, na mlezi wa mtoto aliyeajiriwa humo husikia kicheko asichoelezwa asili yake. Riwaya nyingi zilizofuata zimejaza juu ya nyumba masanduku, barua na maiti. Jambo hili halikutokana na ubunifu mtupu. Jumba la Kiingereza la mawe na vigae huweza kudumu karne nyingi. Sakafu ya mbao hulitenga paa na vyumba vya chini, na vitu vya babu hukaa juu mpaka mjukuu apande na taa. Mwandishi aliikuta siri imekwisha kujengewa chumba.

Kanga haikuwa na chumba hicho. Makuti yana umri mfupi. Yakianza kuvuja sharti nyumba iezuliwe na kuezekwa upya, na kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja gizani. Wanaitwa jamaa na majirani, kombamoyo na pau hubaki wazi, na kila kilichokuwa darini huanikwa juani mbele ya macho ya watu. Tena viambaza vya ndani mara nyingi havikufika paani, hata mnong'ono wa chumba kimoja ukapita juu na kuingia cha pili. Nyumba ya namna hiyo huweza kuhifadhi mbegu na heshima, lakini siri ni vigumu.

Nyumba za mawe za mijini nazo zilikuwa na mapaa bapa, na paa bapa ni uwanja, si maficho. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliandika katika kumbukumbu zake za mwaka 1886 kwamba nyumba yake ya Unguja ilipakana na ya Mjerumani aliyekuja kuwa mumewe, na paa la mwanamume huyo lilionekana kutoka madirishani mwake. Mapenzi yaliyoanzia hapo yalijulikana mjini upesi, na mwaka 1866 ilimpasa akimbie kwa manowari ya Kiingereza.

Basi si ajabu kwamba Muhammed Said Abdulla, alipoiweka misingi ya riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, hakupanda darini. Kitabu chake cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale cha mwaka 1960, kina fumbo lake mzimuni. Na cha mwaka 1968, Kisima cha Giningi, kimelitaja shimo katika jina lake. Bwana Msa na kiko chake huishughulikia siri iliyo nje ya nyumba au chini ya ardhi.

Wazee wa Mafia walikwisha kutangulia. Miji ya Kisimani, katika ncha ya magharibi, na Kua, katika kisiwa cha Juani, yasimuliwa kuwa ilishindana. Siku ya kushua chombo, watu wa mji mmoja waliwakamata watoto wa mji wa pili, wakawafunga na kuwalaza mchangani, chombo kikapitishwa juu yao hadi majini. Waliofiwa walinyamaza kwa miaka. Kisha wakachimba chumba chini ya nyumba, wakawaalika wenye chombo karamu ya harusi humo. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja, kila mmoja na udhuru wake, hata akabaki mzee mmoja akiwachangamsha wageni kwa maneno mazuri, huku mlango ukijengwa kwa mawe.

Mzee huyo ndiye uzito wa hadithi. Misri, mwaka 1811, Muhammad Ali aliwaalika Mamluki ngomeni akawaua, lakini yeye mwenyewe alikaa salama. Kisasi cha Mafia hakikukamilika bila mmoja wa wenye kisasi kuzikwa pamoja na wageni wake, akijua. Msimulizi hakutaka upande wowote utoke na mikono safi, na kwa kazi hiyo dari isingefaa: angalau maiti ingenuka, na makuti yangeezuliwa.

Kua haikuangushwa na chumba hicho. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava walivuka bahari kwa mitumbwi kutoka Bukini, wakauteka mji na kuchukua watu utumwani. Wamesimuliwa pia, ila kwa maneno machache zaidi, kwa kuwa adui wa nje hana la kuficha. Kuta za misikiti na za jumba la watawala zingali zimesimama Juani. Mapaa yake yameporomoka.