Uchunguzi wa damu ya mjamzito

Uchunguzi wa damu ya mjamzito ni kipimo cha hiari kinachokadiria uwezekano wa mtoto aliye tumboni kuwa na kasoro ya kromosomu, hasa sindromu ya Down, ya Edwards au ya Patau. Hautoi jibu la uhakika, na hapo ndipo wengi hukosea: jibu la 1 kwa 150 maana yake ni kwamba kati ya mimba 150 zenye jibu hilo, moja ndiyo inayotarajiwa kuwa na kasoro.

Nchini Uingereza kipimo cha kawaida hufanywa kati ya wiki ya 11 na ya 14. Damu hupimwa homoni ya hCG na protini ya PAPP-A, na ultrasaundi hupima majimaji yaliyo nyuma ya shingo ya mtoto. Umri wa mama nao huingizwa katika hesabu. Mwaka 1997 Dennis Lo na wenzake walionyesha kuwa DNA ya mtoto hupatikana katika damu ya mama. Kutokana na ugunduzi huo kikaja kipimo cha DNA, kinachotolewa England tangu 2021 kwa wenye uwezekano wa 1 kwa 150 au zaidi. DNA hiyo hutoka hasa kwenye kondo la nyuma, hivyo hata jibu lake huweza kupotoka.

Uhakika hutafutwa kwa kuchukua chembe za kondo au maji ya uzazi, njia yenye hatari ndogo ya kuharibu mimba. Mjamzito anaweza kuchagua kupimwa Down peke yake, Edwards na Patau pamoja, zote tatu, au kukataa kabisa. Anayekataa huendelea kupata huduma nyingine zote za kliniki.