Mchezo wa watoto nao unataka kupangiwa siku

Muulize mzazi yeyote hapa Mombasa ratiba ya mwanawe, atakuhesabia bila kusita: shule Jumatatu hadi Ijumaa, kazi za shule jioni, tuisheni Jumamosi asubuhi, chuo cha Qur'ani mchana. Kisha muulize: huyu mtoto hucheza lini, na hucheza na nani? Wengi watakujibu kuwa ana tabuleti, au anao ndugu zake. Mimi nauliza kuhusu marafiki.

Sisi tuliokulia mitaani miaka ya 1980 na 1990 hatukupangiwa. Ukishasali Alasiri unatoka, na nje umeshawakuta wenzako. Wasichana wako kwenye mdako na kamba, wavulana wanapiga mpira wa makaratasi, na giza likikaribia wote ni kibe. Hakuna mama aliyempigia mwenziwe simu, kwa sababu wazee walikuwa barazani na jicho lao lilitosha. Leo viwanja vimejengwa, vichochoro vimejaa bodaboda na tuktuk, fleti zina geti na mlinzi, na baba na mama wote wako kazini mpaka jioni. Jirani wa mlango wa pili hatumjui jina. Mchezo uliokuwa ukija wenyewe sasa hauji mpaka mzazi auite.

Na si anasa. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia 1990, kinamtambulia mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 3 au 4 apate angalau dakika 180 za kushughulisha mwili kila siku, na skrini isizidi saa 1. Kwa wa miaka 5 hadi 17 ni wastani wa dakika 60 kwa siku. Mwaka wa 2024 Umoja wa Mataifa uliitenga Juni 11 kuwa siku ya kimataifa ya mchezo. Sisi Waislamu tuna la karibu zaidi: imepokewa katika Bukhari kuwa Bi Aisha alikuwa na wenzake wa kucheza naye, na Mtume (S.A.W.) akiwaruhusu waje kwake wacheze.

Kucheza na mwenzako kuna somo ambalo simu haina. Simu haimwambii mtoto "zamu yako imekwisha". Haimnunii, wala haimlazimu kuomba radhi ili mchezo uendelee. Mtoto asiyezoea kushindwa mbele ya wenzake akiwa na miaka 7 atajifunza ukubwani, na huko somo ni ghali.

Basi hupangwaje? Nitaeleza tunavyofanya sisi, familia tatu za jengo moja.

Kwanza, chagueni siku moja isiyobadilika. Yetu ni Jumamosi, kuanzia Alasiri mpaka kabla ya Magharibi. Kwetu Pwani jua huzama karibu saa 12:30 jioni mwaka mzima, kwa hivyo adhana ndiyo kengele yetu na hakuna mtoto wa kubishana nayo. Watoto wawili au watatu kwa mara moja wanatosha.

Pili, semeni wazi mzazi kwa mzazi. Ujumbe wangu huwa hivi: "Mama Salma, inshallah Jumamosi baada ya Alasiri nataka Salma aje acheze na wanangu. Nitakuwepo mwenyewe, na kabla ya Magharibi nitamleta." Hapo mwenzako ameshajua saa, nani atamwangalia na atarudi vipi. Naye akuambie kama mtoto ana pumu au kuna chakula kinachomdhuru.

Tatu, pokezaneni. Leo kwangu, wiki ijayo kwako. Asiye na nafasi ndani awapeleke Mama Ngina au ufuoni, lakini penye maji mtu mzima awe karibu nao macho juu, simu mfukoni. Tena tusimtwike dada wa kazi watoto sita juu ya nguo na mapishi yake.

Nne, usalama usionewe haya. Uliza nyumbani mtakuwa na nani. Milango ya vyumba ibaki wazi. Mfundishe mwanao kuwa hakuna siri ya mwili ambayo mama au baba hapaswi kuijua, na kwamba akitaka kurudi nyumbani atachukuliwa bila kugombezwa. Akikueleza jambo la kutia shaka, msikilize. Simu ya watoto nchini ni 116, haina malipo, nayo hupokelewa usiku na mchana. Kumuuliza jirani maswali haya si kumvunjia heshima, naye ana haki ya kukuuliza yayo hayo.

Tano, wakishafika waachieni. Simu na tabuleti ziwekwe kando, mchezo wachague wenyewe. Wakigombana, subiri kidogo. Mara nyingi watapatana kabla hujainuka kitini. Ingilia pakiwa na kuumizana au mmoja kuonewa.

Gharama isimtishe mtu. Hatufanyi sherehe ya keki na maputo. Jagi la maji ya ndimu na sahani ya viazi vya karai vinatosha, na anayeleta mabuyu hakatazwi. Tukianza kushindana kwa sahani, mwenye kipato kidogo atamzuia mwanawe asije, na atakayekosa rafiki ni mtoto.

Kazi zetu hazitapungua kesho, na viwanja vilivyojengwa havitarudi. Lakini saa 2 za Jumamosi tunazo. Chagua jirani mmoja unayemwamini, mtumie ujumbe kabla ya Ijumaa, na umwachie yeye wiki inayofuata.