Walikuwa na Chuma, Wakashona kwa Kamba

Ukikulia Voi, chuma ni reli. Bahari iko kama kilomita 150 kutoka hapa, na wengi wetu huiona Desemba tu. Labda ndiyo maana tuliamini upesi tulipoambiwa shuleni ati watu wa pwani wa zamani walishona vyombo vyao kwa kamba kwa sababu hawakuwa na misumari. Maskini, hawakuwa wameendelea. Mimi nimeacha kuamini, na kilichonibadilisha ni kitu kidogo kinachoitwa rumada.

Rumada ni bawaba za usukani wa jahazi. Pete zimepigwa kwenye fashini, ule mti wa nyuma ya chombo, na vijiti vyake viko kwenye usukani. Kijiti kinaingia kwenye pete, usukani unaning'inia na kugeuka. Rumada zikikatika katikati ya safari, nahodha anabaki na kana mkononi na chombo kisichomsikiliza.

Mwaka jana mzee mmoja nahodha, aliyekuja Voi kumtembelea binti yake, alileta rumada tatu kwenye karakana ya binamu yangu. Zilikuwa zimeliwa hadi kijiti kimoja kimebaki chembamba kama kalamu. Binamu yangu akaona hiyo ni kazi rahisi.

"Mzee, tukutengenezee za stenlesi, usahau kutu kabisa."

"Na bolti zilizo ndani ya fashini, mwanangu? Hizo ni chuma cha kawaida. Ukiweka vyuma viwili tofauti ndani ya maji ya chumvi, kimoja kitamla mwenzake."

Alikuwa sahihi. Maji ya chumvi hupitisha umeme, na vyuma viwili vya aina tofauti vikigusana humo, kile dhaifu huisha haraka kuliko kingekuwa peke yake. Jeshi la majini la Uingereza lililipia somo hilo. Mwaka 1761 waliifunika meli ya HMS Alarm kwa shaba chini ili wadudu wasile mbao. Walipoikagua baada ya kama miaka miwili, misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imeoza. Iliwachukua hadi miaka ya 1780 kuanza kubadilisha bolti za meli zao ziwe za shaba. Mwaka 1824 mwanakemia Humphry Davy akaonyesha kwamba unaweza kuilinda shaba kwa kuifungia kipande cha zinki au chuma kiliwe badala yake.

Mzee alitueleza pia kwamba ubaya wa rumada hauonekani kwa nje. Kutu hukaa pale chuma kinapolala juu ya mbao, mahali rangi haifiki. Bolti inaweza kuwa na kichwa kizuri huku katikati imekwisha, na mbao zinazoizunguka zimegeuka nyeusi na laini. Kwa hiyo unangoja bamvua, unakilaza chombo mchangani maji yakitoka, unaung'oa usukani, unatoa bolti zote na kuzikagua moja moja. Tundu lililooza linazibwa kwa mti mpya. Rumada mpya zote lazima zikae kwenye mstari mmoja, la sivyo usukani utakwama.

Sasa rudi kwenye mtepe, chombo cha Lamu na visiwa vya Wabajuni. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi, tanga lake lilikuwa mkeka, na hata usukani ulifungwa kwa kamba. Vyombo vya kushonwa vinatajwa pwani hii tangu karne ya 1, kwenye kitabu cha mabaharia Wagiriki kiitwacho Periplus. Mwaka 1498 watu wa Vasco da Gama walifika Kisiwa cha Msumbiji, wakaandika kwamba vyombo vya huko ni vikubwa na havina msumari hata mmoja.

Lakini je, chuma hakikuwepo? Mwaka 1154 mwanajiografia al-Idrisi aliandika kwamba watu wa Malindi walichimba chuma, na kwamba biashara hiyo ndiyo iliyowapa faida kubwa zaidi. Mombasa nayo aliitaja kwa uchimbaji wa chuma. Mwanaakiolojia wetu Chapurukha Kusimba amefanya kazi miaka mingi juu ya wahunzi wa pwani na juu ya mahusiano ya pwani na Tsavo, yaani huku kwetu. Ng'ambo ya Ziwa Jipe, kule Ugweno, masimulizi yanasema ukoo wa wahunzi, Washana, ndio waliotawala mwanzo.

Kwa hiyo wenye vyombo vya kushonwa walikuwa jirani na wahunzi, wengine wakiuza chuma ng'ambo. Na bado wakashona. Kamba ya nazi haishiki kutu. Chombo kilichoshonwa hulegea kidogo kinapogonga mwamba au kuburutwa mchangani, wakati kilichopigiliwa hupasuka. Tena kamba ikichakaa unasokota nyingine popote penye mnazi. Ilikuwa na taabu zake pia: maji yalipenya, na kushona upya hakukuisha. Walilipa gharama hiyo kwa macho wazi.

Reli ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, chuma cha kiwandani kilianza kupanda bara kupitia hapa Voi, na misumari ya bei nafuu ilikuwa ikifika pwani kwa meli. Kufikia miaka ya 1930 mtepe ulikuwa karibu kutoweka. Leo utaukuta kama mfano mdogo katika makumbusho ya Lamu na Fort Jesus.

Binamu yangu hatimaye alizitengeneza rumada za chuma cha kawaida, nene kidogo kuliko za zamani, na mzee akasema zitafaa miaka kadhaa kabla hajazibadilisha tena. Hesabu hiyo ya kubadilisha tena ndiyo waliyoipiga mafundi wa mtepe, ila wao walihesabu kamba. Mtoto wa Voi atakayefundishwa kwamba walishona kwa kukosa chuma atakuwa ameibiwa mafundi wa pwani na wahunzi wa bara kwa sentensi moja.