Kadi ya mezani, laptopu kuukuu

Laptopu nyingi zinazotumika Kismayo, Lamu na Mombasa zilianza kazi kwa mmiliki mwingine. Zilikaa ofisini Ulaya miaka mitatu minne, zikatolewa, zikapitia Dubai, ndipo zikashushwa kwetu na mikwaruzo mgongoni na stika iliyobanduliwa nusu. Nyingi ni ThinkPad, Latitude au EliteBook: mwili mgumu, kibodi nzuri, betri imechoka. Prosesa bado inamudu barua, hesabu na intaneti. Inashindwa mahali pamoja tu, napo ni kwenye picha. Mpe kijana laptopu ya mwaka 2011 ahariri video ya harusi au acheze gemu ya mpira, feni itavuma na skrini itakwamakwama.

Sababu iko kwenye bodi. Kompyuta ya mezani ina sloti ndefu, na kadi ya grafiki ikizeeka unaichomoa, unachomeka nyingine, kazi imekwisha. Kwenye laptopu chipu ya grafiki imepigwa lehemu kwenye bodi, au imo ndani ya prosesa yenyewe. Mwaka 2004 Nvidia ilileta MXM, mpango wa kadi ndogo za grafiki ambazo mwenye laptopu angeweza kuzibadilisha. Wazo lilikuwa zuri, ila kila mtengenezaji alikata umbo lake, akaweka matundu ya skrubu mahali pake na kipoza joto cha kwake, na kadi ya mashine moja ikawa haikai kwenye nyingine. Ndipo watu wakaanza kuuliza: kama kadi haiingii ndani, kwa nini isikae nje?

Swali hilo sasa lina umri wa miaka karibu 20. Limejibiwa na makundi mawili. Kampuni kubwa zilitaka kuuza sanduku lao na kebo yao. Mafundi wa nyumbani walitaka kupita kwenye tundu lililokuwapo tayari. Kwa maoni yangu mafundi ndio walioshinda, ingawa kwenye matangazo hutawaona.

Tundu la kwanza lilikuwa ubavuni. Mwaka 2003 ulitangazwa mfumo wa ExpressCard, mrithi wa zile kadi bapa za PCMCIA zilizokuwa zikichomekwa pembeni mwa laptopu za miaka ya tisini. Watu waliuona kama mahali pa modemu na visoma kadi, lakini ndani yake ulipita mstari mmoja wa PCI Express, njia ileile inayotumiwa na kadi za grafiki za mezani. Tofauti ni upana tu. Kadi ya mezani hupewa njia 16, ExpressCard ilikuwa na moja.

ASUS walikuwa wa mwanzo kulionyesha hilo hadharani. Januari 2007, kwenye maonyesho ya CES mjini Las Vegas, walileta XG Station, sanduku lenye kadi ya Nvidia ndani na kitufe kikubwa cha mviringo kilichoonyesha joto la kadi na idadi ya picha kwa sekunde. Liliunganishwa na laptopu kupitia ExpressCard, na picha ikatoka kwenye skrini ya nje. Magazeti ya kompyuta yalilishangilia, likauzwa kidogo mwaka 2008, kisha likapotea.

Mwaka huohuo wa 2008 AMD ikatangaza mpango wake, XGP, wenye kebo maalumu na njia nyingi zaidi. Fujitsu Siemens ikautumia kwenye laptopu ndogo iliyoitwa Amilo Sa 3650, yenye kisanduku chake cha Radeon pembeni. Kwa kipimo cha siku zile kazi ilikuwa safi, na Acer nao wakaweka tundu la aina hiyo kwenye Ferrari One mwaka 2009. Baada ya hapo hakuna aliyeendelea. Aliyenunua kisanduku alibaki na kebo isiyoingia popote pengine duniani. Sony wakafanya jambo hilohilo mwaka 2011 kwa Vaio Z na kituo chake chenye Radeon. Alienware wakarudia mwaka 2014 kwa sanduku la Graphics Amplifier, kebo yao peke yao; laptopu zao za baadaye hazina tundu hilo.

Wakati huo Taiwan kulikuwa na kampuni ndogo, BPlus, ikiuza vibao vya kuunganishia visivyo na sanduku wala rangi: PE4H, PE4L. Upande mmoja sloti ya kadi ya mezani, upande mwingine waya wa kwenda ExpressCard au mini PCI Express. Baadaye Wachina wakaja na EXP GDC Beast, ya bei nafuu zaidi. Vitu hivi havikulengwa kwa mteja wa dukani. Vilifaa kwa mtu asiyeogopa kufungua laptopu yake.

Kwa mtu wa pwani, kutoka Kismayo hadi Ras Kiamboni, wazo lenyewe si geni. Mashua ya zamani hufungwa injini ya kupachika nyuma, mbao zikabaki zilezile na safari ikafupika. Kwenye kompyuta, kazi yote iko pale laptopu na kadi zinapokutana.

Chukua ThinkPad X220 ya mwaka 2011. Hii ina bahati, kwa kuwa ExpressCard yake iko ubavuni na unachomeka tu. Kwa mashine isiyo na tundu hilo inabidi kupita kwenye nafasi ya waifai. Unatoa betri, unafungua skrubu za chini, unaondoa kifuniko. Kadi ya waifai ni kibao kidogo kilichobanwa kwa skrubu moja au mbili, na juu yake zimebandikwa nyaya mbili nyembamba za antena, mara nyingi nyeusi na ya kijivu. Unazibandua kwa ukucha, taratibu, kwa sababu vichwa vyake ni vidogo kuliko punje ya mtama. Skrubu ikitoka kadi inainuka yenyewe. Hapo ndipo kinaingia kile kichwa cha EXP GDC, na waya wake unatolewa nje kupitia ufa wa kifuniko. Mwisho wa pili wa waya huo una kichwa cha HDMI, jambo lililowahadaa wengi. Haubebi picha ya televisheni hata kidogo, kwa hiyo usiuchomeke kwenye TV. Na kuanzia hapo laptopu haina tena waifai ya ndani. Utanunua ile ndogo ya USB.

Unawasha, na ThinkPad nyingi zinagoma. Zinaandika hitilafu 1802, kwamba kuna kadi ya mtandao isiyoruhusiwa, kwa maana watengenezaji waliweka ndani ya BIOS orodha ya kadi za waifai wanazozikubali, na kadi ya grafiki haimo. HP nao walikuwa na orodha kama hiyo. Dawa yake iko kwenye kibao chenyewe cha EXP GDC: swichi ndogo ya kuchelewesha. Kadi inajificha sekunde kadhaa, BIOS inakagua, haioni kitu, inapita, ndipo kadi inajitokeza.

Mgomo wa pili ni wa Windows, hitilafu namba 12: haipati nafasi ya kutosha. Nafasi inayotajwa ni ya anwani za kumbukumbu, si ya diski. Kadi ya mezani huomba eneo kubwa la anwani chini ya mpaka wa gigabaiti 4, na BIOS ya laptopu ya zamani imekwisha kuligawa. Wengine walitibu kwa kuchomoa RAM moja ili mpaka usogee. Wengine waliandika programu ndogo za kupanga anwani upya kabla Windows haijaamka, wakagawiana. Hakuna kampuni iliyowalipa. Ukurasa huu wa historia hutajwa mara chache, nami nauona ndio mkubwa kuliko yote.

Msomaji atauliza kama inafaa kweli kulisha kadi kubwa kwa njia moja nyembamba. ExpressCard ya X220 hupitisha megabaiti 500 kwa sekunde kila upande. Sloti ya mezani yenye njia 16 za kizazi cha tatu hupitisha karibu gigabaiti 16, yaani mara 32. Kwa hesabu hiyo kadi ingetakiwa ilale. Hailali, kwa sababu picha za gemu na video hupakiwa mara moja kwenye kumbukumbu ya kadi yenyewe, na njiani zinapita amri zaidi kuliko picha. Kadi inapoteza sehemu ya nguvu zake, lakini inaibwaga mbali chipu ya ndani ya mwaka 2011.

Ila mradi uwe na skrini ya nje. Ukitaka picha irudi kwenye skrini ya laptopu, piga hesabu: nukta 1920 kwa 1080, kila nukta baiti 4, mara 60 kwa sekunde. Inakuja karibu megabaiti 498 kila sekunde. Njia nzima ya kurudi imejaa. Nvidia walipoleta Optimus mwaka 2010, mfumo wa kuchagua kati ya chipu ya ndani na kadi, mafundi wakagundua kwamba draiva yake hubana data inapokuta njia ni moja tu. Tangu hapo wengi wakapendelea GeForce kwa kazi hii.

Kampuni kubwa zilikuwa bado na turufu moja. Februari 2011 Apple na Intel walitoa Thunderbolt, gigabiti 10 kwa sekunde kwenye kebo nyembamba, ikiwa na PCI Express ndani. Kila aliyeisikia aliwaza kadi ya nje. Januari 2012 MSI wakaonyesha sanduku la GUS II linalotumia kebo hiyo, halikufika dukani. Miaka ikapita, na watu wakanunua masanduku ya kampuni kama AKiTiO, yaliyotengenezwa kwa kadi za kazi nyingine, wakayakata bati ili kadi ya grafiki ienee. Thunderbolt 3 ya mwaka 2015, yenye gigabiti 40, ndiyo iliyofungua njia rasmi. Januari 2016 Razer wakatangaza sanduku la Core, lililouzwa dola 499 bila kadi. Machi AMD wakatoa draiva yao ya XConnect. Apple waliikubali rasmi kadi ya nje kwenye macOS mwezi Machi 2018, na ilipofika Novemba 2020 walianza kuhamia chipu zao wenyewe zisizoitambua. Wateja walionunua sanduku la Blackmagic kwa dola 699 walipata miaka miwili na kidogo kabla Mac mpya hazijalikataa.

Dola 499 kwa sanduku tupu zinanunua laptopu mbili tatu za mitumba. Kwetu habari ile ilikuwa ya kusoma tu.

Jambo lililotufikia lilikuja kwa mlango mwingine. Laptopu za karibu miaka kumi iliyopita zilianza kuwa na sloti ya M.2 ya diski, mara nyingi yenye njia 4 za PCI Express. Ni ndani, haina jina la kuvutia, na tundu lake ni lilelile kwa kila mtengenezaji. Kwenye kizazi cha tatu njia hizo 4 hupitisha karibu gigabaiti 4 kwa sekunde, mara nane ya ile ExpressCard. Kibao cha kuunganishia ni kidogo, na kebo ya OCuLink, iliyotoka kwenye vyumba vya seva, ndiyo inayotumika siku hizi. Mwaka 2023 GPD wakauza kisanduku chao G1 chenye OCuLink. Kampuni safari hii ndiyo iliyofuata mafundi.

Soko la kadi nalo limebadilika. Mwaka 2021 wachimbaji wa sarafu za mtandaoni walizimaliza kadi madukani. Ethereum ilipoacha uchimbaji Septemba 2022, kadi zilizotumika zikamwagika sokoni. Kagua feni kabla hujalipa, kwani kadi ya mchimbaji imekesha miezi mingi.

Kismayo hesabu nyingine ni ya umeme, unaouzwa na kampuni binafsi na kila uniti ina bei yake. Chaja ya X220 ni ya wati 65. GTX 750 Ti ya mwaka 2014 hula wati 60, na GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 wati 75, zote kwa kawaida bila waya wa ziada wa umeme. Zinatosha kuhariri video na zinalishwa na pawasaplai yoyote nzuri ya mezani, au ile chaja nzito ya Dell ya wati 220. Anayetegemea sola kisiwani, Chovai au Koyama, asivuke hapo. Na kadi iliyo wazi mezani haipatani na hewa ya bahari. Chumvi huchafua miguso ya dhahabu, na mafundi huisugua kwa raba ya penseli pindi kadi inapoanza kupoteza picha. Ifunike kwa kitambaa ikiwa imezimwa, kamwe usiifunike inapofanya kazi.

Kabla ya kutoa pesa, geuza laptopu yako utazame ina mlango gani. Ikiwa na ExpressCard au M.2, kibao cha kuunganishia na kadi ndogo ya mitumba ni matumizi ya busara. Ikiwa njia pekee ni mini PCI Express, na huna skrini ya nje, weka pesa zako. Sanduku lenye kebo ya kampuni moja liache hata likiuzwa kwa bei ya kutupa: laptopu yake ikifa, nalo limekufa, ilhali kadi ya mezani utaichomeka kwenye kompyuta yoyote ya mezani utakayonunua baadaye.